"Ana mimba?" "Hapana": kifafa cha mimba siku ya 6 baada ya kujifungua

Uchambuzi wa kisa kwa wauguzi, wakunga, matabibu na madaktari wa hospitali za wilaya na vituo vya afya. Majina, mahali na tarehe vimeondolewa. Umri na baadhi ya saa vimesogezwa kidogo ili mgonjwa na wahudumu wasitambulike. Saa zote ni za Kiswahili.

Kwa nini kisa hiki

Tanzania iliingia katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini mwaka 2020. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015-16. Akina mama wengi sasa wanajifungulia kituoni, na hospitali ya wilaya ina dawa ambazo miaka 20 iliyopita zilikuwa za kutafutwa kwa tochi. Katika kisa hiki magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba (degedege linaloletwa na presha ya mimba), ilikuwepo tangu mgonjwa anafika, hatua zisizozidi 80 kutoka kitanda chake. Ilimfikia baada ya dakika 58.

Mgonjwa

Mwanamke wa miaka 20 na kitu, mimba ya kwanza. Alihudhuria kliniki mara nne. Presha yake ilikuwa 104/66 wiki ya 15 na 126/82 wiki ya 34. Mkojo ulipimwa protini mahudhurio mawili ya mwanzo tu. Baada ya hapo vijiti vilikwisha na kwenye kadi pakabaki mstari mtupu. Wiki ya 36 alitibiwa malaria kwa dawa ya mseto.

Uchungu ulimwanza wiki ya 38 na akapokelewa kituo cha afya. Presha ya kwanza ilikuwa 142/92, na pembeni yake pameandikwa "uchungu". Haikurudiwa mpaka baada ya kujifungua. Alijifungua salama mtoto wa kilo 2.7, akachomwa oksitosini (dawa ya kuzuia kutokwa damu) uniti 10. (Hakupewa ergometrini, na hiyo ni bahati yake, maana dawa hiyo hupandisha presha.) Saa moja baadaye presha ilikuwa 138/88. Hakuna kipimo kingine kilichoandikwa. Aliruhusiwa saa 19 baada ya kujifungua kwa sababu wodi ilijaa na wengine walikuwa wawili wawili kitandani.

Siku tano nyumbani

Siku ya 3 alimpeleka mtoto chanjo. Chupa ya BCG (chanjo ya kifua kikuu) ina dozi nyingi, hivyo kituo huifungua siku maalumu watoto wakitosha, na siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Mtoto alipimwa uzito, akatazamwa kitovu, akachanjwa. Mama alikuwa na kichwa kinachogonga tangu asubuhi. Hakuulizwa, naye hakusema. Alijua amekuja kwa ajili ya mtoto.

Siku ya 5 jioni kichwa kilizidi, akaanza kuona kama ukungu mbele ya macho, na chembe ya moyo ikauma upande wa kulia. Mama mkwe alidhani ni njaa na kukosa usingizi. Wakanunua parasetamoli duka la dawa.

Siku ya 6, saa 4:05 asubuhi, alianguka jikoni akakakamaa, akatikisika karibu dakika mbili. Walimwekea kijiko kati ya meno. Jino moja likavunjika na ulimi ukachanika. Jirani akashauri afukizwe kwanza. Ilipofika saa 4:40 ndipo bajaji ilipotafutwa. Njiani alipata degedege la pili. Mtoto alibaki nyumbani na bibi yake.

Hospitalini: dakika 58

Saa 5:10 alifika dirisha la wagonjwa wa nje akiwa amepoteza fahamu, anakoroma, damu mdomoni. Tabibu wa zamu alifanya alichofundishwa: alimlaza ubavu, akasafisha mdomo, akapima sukari (5.8), akapima joto (37.6) na kipimo cha haraka cha malaria. Kisha akamwuliza wifi wa mgonjwa swali ambalo kila tabibu huuliza mwanamke kijana akiwa na degedege:

"Ana mimba?"

"Hapana."

Jibu lilikuwa la kweli. Kwenye faili likaandikwa "si mjamzito", na tangu hapo kifafa cha mimba kikatoka kwenye orodha. Kipimo cha malaria kilisoma chanya, mstari hafifu. Utambuzi ukawa malaria kali, ile watu wanayoiita malaria ya kichwani.

Saa 5:20 alipata degedege la tatu. Akapewa diazepamu miligramu 10 kwenye mshipa, degedege likatulia. Saa 5:25 akapewa artesuneti miligramu 150 (uzito wake ulikadiriwa kilo 62, yaani miligramu 2.4 kwa kilo) na dripu ya chumvi lita moja ikafunguliwa ikimbie. Presha haikupimwa. Mashine ilikuwa chumba cha kufungia vidonda.

Saa 5:45 muuguzi wa wodi ya wanawake alikuja kumchukua. Alipombadilisha shuka aliona gauni limelowa kifuani pande zote mbili.

"Wifi, huyu ananyonyesha?"

"Ndiyo, ana katoto ka siku sita."

Muuguzi alikwenda mwenyewe kuchukua mashine. Presha 182/118, mapigo 104. Saa 5:50 akapiga simu wodi ya wazazi. Mkunga alifika saa 5:55 akiwa mikono mitupu: kabati la dawa za dharura lilikuwa limefungwa na funguo ziko kwa mkunga kiongozi, aliyekuwa kikaoni. Sanduku la dawa lilifika dakika chache kabla ya saa 6:08.

Magnesiamu: hesabu na kosa lililozuiwa

Ampuli zilizokuwepo zilikuwa za asilimia 50, mililita 10, yaani gramu 5 kila moja. Dozi ya kuanzia ya mshipani ni gramu 4 zilizochanganywa hadi asilimia 20: mililita 8 za dawa pamoja na mililita 12 za maji ya sindano, jumla mililita 20, zisukumwe taratibu kwa dakika 5 hadi 20.

Muuguzi msaidizi alikuwa ameshavuta ampuli mbili nzima kwenye bomba la mililita 20. Alikumbuka "mililita ishirini" na akazijaza. Zilikuwa gramu 10 zisizochanganywa. Kwa mshipa, kwa kasi ya kawaida, dozi hiyo ingeweza kusimamisha pumzi na moyo. Mkunga aliuliza kwa sauti, "Humo mna gramu ngapi?" Muuguzi akaanza kuhesabu, akasita mwenyewe, akaweka bomba chini. Kosa hili si la uzembe. Mililita 20 ndiyo namba iliyobandikwa ukutani. Gramu 4 haikuwemo.

Dozi sahihi ilianza saa 6:08, ikaisha saa 6:20. Saa 6:25 ikafuata ya msulini: gramu 5 kila tako, yaani mililita 10 za asilimia 50 pamoja na mililita 1 ya lignokeini (ganzi) ya asilimia 2 kwenye bomba moja, ichomwe ndani sana. Hiyo ni mililita 11, kwa hiyo bomba la mililita 10 halitoshi; panahitajika la 20. Jambo dogo, lakini kila mara huwapotezea watu dakika mbili wakitafuta bomba.

Saa 6:44 degedege la nne. Dakika 24 zilikuwa zimepita tangu dozi ya mshipani iishe, hivyo akaongezewa gramu 2 mshipani kwa dakika 5 (mililita 4 za dawa na mililita 6 za maji). Degedege likija ndani ya dakika 15 za kwanza, dawa huachwa ifanye kazi, mgonjwa hulindwa njia ya hewa tu. Hapa muda ulikuwa umepita na uamuzi ulikuwa sahihi. Hakupata degedege tena.

Presha

Haidralazini miligramu 5 mshipani taratibu saa 6:22, ikarudiwa saa 6:42 presha ikiwa 172/112. Saa 7:05 ilikuwa 154/102 na daktari akasimama hapo kwa makusudi. Lengo ni kushuka chini ya 160/110, si kufika 120/80. Ubongo uliozoea presha ya juu ukikatiwa ghafla hukosa damu.

Nifedipini ya miligramu 10 ya kumeza nayo ni dawa nzuri, na ilikuwepo. Haikutumika kwa sababu mgonjwa hakuwa na fahamu za kumeza. Mtu mmoja alipendekeza kutoboa kidonge na kukikamulia chini ya ulimi. Daktari alikataa, na alifanya vema, kwa kuwa njia hiyo hushusha presha bila breki.

Kilichokuja na dripu

Saa 6:35 aliwekwa mpira wa mkojo: mililita 120, rangi ya chai nzito, protini alama tatu. Saa 7:40 majibu ya maabara yalitoka: hemoglobini 10.2, chembe sahani (za kugandisha damu) 84,000, kriatinini (kipimo cha figo) 131. Vimeng'enya vya ini havikupimwa, kemikali za mashine ziliisha. Chembe sahani zikiwa chini ya 100,000 pamoja na maumivu ya chembe upande wa kulia, timu ilimchukulia kuwa ini na damu vimeshaguswa.

Saa 8:00 kupumua kulifika mara 30 kwa dakika, oksijeni ya damu asilimia 90, na mapafu yalisikika yakichemka chini pande zote. Walipohesabu dripu zilizoingia walipata mililita 1,400 ndani ya saa tatu. Mgonjwa wa presha ya mimba mishipa yake inavuja. Maji unayompa hayakai kwenye damu, yanakimbilia mapafuni. Kiwango kinachokubalika kwa ujumla ni takriban mililita 80 kwa saa, kila kitu kikiwa ndani ya hesabu. Dripu ilifungwa, kichwa cha kitanda kikainuliwa, akawekewa oksijeni ya barakoa na furosemaidi (dawa ya kutoa maji kwa mkojo) miligramu 40 mshipani. Saa 8:40 oksijeni ilikuwa 96.

Hatumlaumu aliyefungua dripu. Kwa mgonjwa mwenye homa, aliyekauka, angeonekana ameokoa maisha. Utambuzi usio sahihi huja na matibabu yake kamili.

Uamuzi wa rufaa na safari

Sababu za kumpeleka hospitali ya rufaa ya mkoa zilikuwa tatu: fahamu zilibaki 9 kati ya 15 saa mbili baada ya degedege la mwisho, chembe sahani zilikuwa chini, na kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa) kilihitajika kuondoa shaka ya damu kuvuja ndani ya ubongo. Daktari bingwa alipigiwa simu. Alishauri wasiondoke mpaka presha na mapafu vitulie. Ushauri huo uliwachelewesha saa moja na nusu. Tunaona ulimwokoa, kwa sababu mgonjwa aliyejaa maji mapafuni kwenye barabara ya vumbi hana pa kukimbilia.

Waliondoka saa 9:20 alasiri. Umbali ni zaidi ya kilomita 60. Ndani ya gari: mkunga mwenyewe (si ndugu aliyekabidhiwa barua), mtungi wa oksijeni uliopimwa ujazo, mashine ya kunyonya, magnesiamu ya dozi inayofuata ikiwa ampuli na si imeshavutwa, na kalsiamu glukoneti (dawa ya kupinga magnesiamu ikizidi) gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, iliyotegwa kwa mkanda mkononi mwa mkunga ili isitafutwe.

Dozi ya kuendeleza ni gramu 5 msulini kila saa 4, tako hili kisha lile. Ilifika zamu yake saa 10:25 jioni wakiwa njiani. Mkunga alisimamisha gari. Kabla ya kuchoma aliangalia mambo matatu: goti linaruka likigongwa, pumzi ni 18 kwa dakika (inatakiwa 16 au zaidi), mkojo tangu mpira uwekwe umetoka mililita 310 (inatakiwa angalau mililita 30 kwa saa). Yote yalikuwepo, akachoma. Kwa mgonjwa ambaye figo zimeanza kuchoka hesabu ya mkojo ni muhimu sana, maana dawa hii haina njia nyingine ya kutoka mwilini. Furosemaidi ilikuwa imeuchochea mkojo huo, kwa hiyo goti na pumzi vilipewa uzito zaidi. Mkunga aliandika hivyo kwenye fomu, na maandishi yake yalisomwa upande wa pili.

Matokeo

CT haikuonyesha damu. Ilionyesha uvimbe sehemu ya nyuma ya ubongo, ambako kuna kituo cha kuona. Ndiyo maelezo ya ukungu wa siku ya 5. Kipimo cha damu cha darubini kilisomwa mara mbili bila kuona vimelea, artesuneti ikasitishwa. Magnesiamu iliendelea saa 24 tangu degedege la mwisho. Alifungua macho kesho yake mchana na swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu mtoto.

Mtoto alikuwa amekaa karibu saa saba bila maziwa, akipewa maji ya uvuguvugu kwa kijiko. Hakuna aliyemkumbuka mpaka mkunga alipouliza kabla ya kupanda gari. Aliletwa na pikipiki, akapimwa sukari, akanyweshwa kwa kikombe maziwa yaliyokamuliwa kwa mama yake.

Chembe sahani zilipanda kuanzia siku ya tatu ya kulazwa. Aliruhusiwa siku ya tisa na nifedipini ya kutoka taratibu, miligramu 20 mara mbili kwa siku, ambayo haizuii kunyonyesha. Macho yalirudi. Wiki ya 8 presha ilikuwa kawaida bila dawa. Aliambiwa kuwa mimba ijayo aanze kliniki mapema na apewe aspirini miligramu 75 kila siku kuanzia wiki ya 12, na kwamba presha yake ipimwe kila mwaka maisha yake yote, kwa kuwa aliyepitia haya ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa presha na moyo baadaye.

Uchambuzi

Swali lenyewe. Jina la ugonjwa huu linadanganya. Kifafa cha mimba kinaweza kuja kabla ya uchungu, wakati wa uchungu, au baada ya mtoto kuzaliwa, hadi wiki ya sita. "Ana mimba?" ni swali la kumlinda mtoto aliye tumboni dhidi ya dawa, halimlindi mama. Swali linalofaa ni "Ana mimba au amejifungua ndani ya wiki sita?" Tunapendekeza liulizwe kwa maneno ya nyumbani, "Ana mtoto mchanga?", kwa sababu ndugu aliyechanganyikiwa hujibu neno alilolisikia. Mimba ikiharibika pia iingie humo.

Pasipo jibu, mwili husema: maziwa, tumbo lililolegea, damu ya uzazi kwenye pedi. Muuguzi wa wodi hakuwa na elimu zaidi ya tabibu. Alikuwa na kazi ya kumvua mgonjwa nguo.

Kipimo cha malaria. Vipimo vingi vya haraka vinavyotumika kwetu vinatafuta protini ya kimelea, si kimelea chenyewe, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Huyu alitibiwa wiki ya 36, takriban wiki tatu nyuma. Kadi yake ya kliniki ilikuwa na habari hiyo, nayo ilikuwa nyumbani ndani ya mfuko wa mtoto. Hata kama kipimo hakikuwa cha kweli, kupewa artesuneti hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuona mstari mmoja na kuacha kutafuta. Katika maeneo ya malaria mzazi mwenye degedege anaweza kutibiwa vyote viwili mpaka darubini iseme, lakini presha ipimwe kabla ya kipimo cha kidole. Inachukua sekunde 40.

Diazepamu. Ilizima degedege la tatu, na ndiyo sababu kila mtu alitulia. Jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha kuwa magnesiamu hupunguza kurudi kwa degedege kwa asilimia 52 ikilinganishwa na diazepamu. Diazepamu humlaza mgonjwa, njia ya hewa inalegea, na inakuwa vigumu kujua kama fahamu zinapungua kwa ugonjwa au kwa dawa. Ikiwa magnesiamu haipo kabisa, itumike. Ikiwa iko hatua 80 mbali, mtu akimbie.

Uchomaji wa uti wa mgongo. Daktari mmoja alitaka kupima homa ya uti wa mgongo. Haikufanyika kwa sababu shingo ilikuwa laini, fahamu ziko chini na chembe sahani 84,000. Sawa kabisa.

Ruhusa ya saa 19. Shirika la Afya Duniani linashauri mzazi akae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua kwa kawaida. Kwa huyu saa 24 nazo zisingetosha. Baada ya kujifungua, maji yaliyokuwa yamejificha kwenye tishu hurudi kwenye mishipa na presha hupanda tena, kilele kikiwa kati ya siku ya 3 na ya 6. Mwenye presha iliyofika 140/90 wakati wowote wa uchungu anahitaji kupimwa tena siku ya 3, na tena kati ya siku ya 7 na ya 10. "Uchungu" ni maelezo yanayoweza kuwa kweli, ila yanathibitishwa kwa kurudia kipimo baada ya dakika 15, akiwa amepumzika katikati ya maumivu, na kwa kijiti cha mkojo. Hakuna kilichofanyika kati ya hivyo viwili.

Siku ya chanjo. Hapa ndipo tunapoona nafasi kubwa zaidi iliyopotea. Siku ya 3 mama alikuja mwenyewe kwa miguu yake, akakaa kwenye benchi saa tatu, kichwa kinamwuma, mita chache kutoka kwa muuguzi mwenye mashine ya presha. Mfumo ulimpokea mtoto wake.

Nyumbani. Kijiko mdomoni na kufukiza havitaondoka kwa kukemea. Mafunzo ya kuruhusiwa yalimpa mama dalili za hatari za mtoto na za kutokwa damu. Kichwa na macho havikutajwa, na mama mkwe hakuwepo chumbani. Anayeamua safari aelezwe yeye pia. Namba 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito na wazazi ilikuwa imebandikwa kituoni. Wanafamilia walidhani ni ya wenye uchungu tu.

Kilichobadilishwa hospitalini

Sanduku la pili limewekwa mapokezi ya dharura, halina kufuli bali utepe wa plastiki unaokatika. Ndani yake: ampuli nne za magnesiamu ya asilimia 50, mililita 10 (mbili za msuli, moja ya kuanzia mshipani, moja ya kurudia), maji ya sindano ampuli tatu, mabomba ya mililita 20 manne, lignokeini, kalsiamu glukoneti, kanyula za namba 18, mpira wa mkojo namba 16, haidralazini, nifedipini, nyundo ya goti. Kwenye kifuniko pameandikwa kwa gramu kwanza, kisha mililita: "GRAMU 4 = dawa mililita 8 + maji mililita 12". Karatasi ya zamani ukutani imetolewa.

Fomu ya mapokezi sasa ina kisanduku "mtoto chini ya wiki sita", na presha inaandikwa kabla ya joto kwa kila mwanamke aliyeanguka au mwenye degedege.

Si yote yaliyoshika. Ukaguzi wa mwezi wa tatu baada ya mabadiliko ulikuta utepe umekatwa na haukubadilishwa, lignokeini imetumika kushonea kidonda. Mabadiliko magumu zaidi yako kwenye kituo cha afya, siku za chanjo. Walijaribu kumpima presha kila mama. Foleni ikafika barabarani na wiki ya pili wakaacha. Sasa wanapima wenye watoto wa chini ya wiki mbili tu, wanaotolewa mbele ya foleni na kukalishwa benchi la peke yao. Mashine inatumia betri nne, na betri hizo bado hazina fungu kwenye bajeti ya kituo.